Nimemwibia Nani?

Msomaji wetu mmoja, baba wa watoto wanne na Mkristo tunayemfahamu kuwa mtu wa haki, ametuletea swali ambalo tumelifikiri kwa siku nyingi kabla ya kuthubutu kulijibu. Alipeleka motokaa yake kwa fundi kwa matengenezo madogo. Pale alimkuta mnunuzi azungukaye katika magereji kutafuta masega, yaani kile kifaa kilichomo katikati ya bomba la moshi, ambacho ndani yake kina matundu madogo madogo mfano wa sega la nyuki. Mnunuzi akataja bei. Fundi akasema kwamba kifaa hicho hakina faida, na kwamba kikitolewa gari huwa jepesi. Ada ya shule ilikuwa inadaiwa. Basi akauza. Kipande cha bomba kikaungwa mahali pake, motokaa ikawaka kama kawaida, naye akarudi nyumbani na fedha mfukoni. Lakini tangu siku ile dhamiri yake haitulii. "Mheshimiwa Mhariri," atuandikia, "sega lilikuwa langu, motokaa ni yangu, na fedha nimelipia ada ya watoto. Nimemwibia nani?"

Wako watakaocheka na kusema kwamba hilo ni swali la mafundi, si swali la dhamiri. Sisi twaona vingine. Mtu mwema akikosa usingizi kwa ajili ya tendo ambalo wengi hulifanya mchana kweupe, yafaa tuketi naye na kulichungua jambo lake, maana huenda yeye ameona kitu ambacho sisi wengine tumekwisha kuzoea kutokiona.

Kwanza tujue kifaa hicho ni nini. Petroli ikiungua katika injini haiungui yote kwa ukamilifu. Katika moshi wake hubaki kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, nayo huingia katika damu na kushika mahali palipowekewa oksijeni. Hubaki pia chembe za petroli isiyoungua, na oksaidi za naitrojeni ambazo huwasha mapafu. Sega hupokea moshi huo ukiwa wa moto, na kwa msaada wa madini yaliyopakwa ndani ya matundu yake huugeuza: sehemu kubwa ya sumu zile hutoka zikiwa maji, naitrojeni kama ile iliyomo katika hewa tuvutayo, na hewa ya ukaa. Hewa hiyo ya ukaa si jambo jema kwa hali ya hewa ya dunia, lakini haimwui mtu asimamaye kando ya barabara.

Mmoja wa waliotangulia kutengeneza kifaa cha namna hiyo alikuwa Eugène Houdry, mhandisi Mfaransa aliyefanya kazi Marekani, ambaye katika miaka ya 1950 alisumbuliwa moyoni na moshi wa miji mikubwa. Kazi yake haikuenea wakati ule, kwa sababu petroli ilitiwa risasi, na risasi huliharibu sega mara moja. Marekani ilitunga sheria kali ya hewa mwaka 1970, na tangu motokaa za mwaka 1975 kifaa hicho kikawa cha kawaida huko. Katika nchi za Ulaya kilienea kwa nguvu ya sheria tangu mwaka 1992. Kwetu Afrika petroli yenye risasi iliendelea kuuzwa kwa miaka mingi zaidi. Mwaka 2001 wajumbe wa nchi zetu walikutana Dakar wakaazimia kuikomesha, na kufikia mwanzo wa mwaka 2006 ilikuwa imekoma katika nchi zote zilizo kusini ya Sahara. Kabla ya hapo fundi aliyeling'oa sega aliweza kujitetea kwamba limekwisha kufa kwa risasi. Leo hana utetezi huo. Petroli imesafishwa, ni desturi tu iliyobaki.

Tena tujue kwa nini mnunuzi yule alikuwa na haraka. Madini yaliyomo ndani ya sega ni platinamu, paladiamu na rodiamu, nayo ni ya thamani kubwa. Mwaka 2021 bei ya rodiamu ilipanda hata ikapita dola 20,000 kwa aunsi moja, mara nyingi zaidi ya bei ya dhahabu. Na platinamu hiyo yatoka wapi? Zaidi ya nusu ya platinamu yote ichimbwayo duniani hutoka Afrika ya Kusini. Basi tazameni safari yake: huchimbwa kwa jasho la Mwafrika, husafirishwa ng'ambo, hutiwa katika motokaa ili kulinda mapafu ya watu wa huko, kisha motokaa ikizeeka hurudi Afrika kwa meli hata Mombasa au Dar es Salaam, na hapo, mahali ambapo ingeweza kwa mara ya kwanza kulinda mapafu ya Mwafrika, hung'olewa na kupelekwa ng'ambo tena.

Sasa twaja kwenye kiini cha swali. Motokaa ina vipuli maelfu, na karibu vyote humtumikia yeye aliyemo ndani. Injini humwendesha, viti humpumzisha, kioo humkinga na vumbi. Breki humlinda yeye pamoja na wengine, kwa hiyo hata mtu mchoyo huzitengeneza. Lakini sega halimpi mwenye gari chochote. Halimwongezei mwendo wala halimpunguzii gharama ya petroli, na likiwa zima, kuling'oa hakumpi faida ya maana barabarani. Limewekwa kwa ajili ya mtu mwingine tu. Moshi hutoka nyuma. Dereva huuacha na kwenda zake, nao huwabakia wale walio nyuma yake: mama auzaye mahindi ya kuchoma kituoni, kijana wa bodaboda anayengoja taa ibadilike, mtoto aendaye shule kwa miguu kando ya barabara, polisi asimamaye katika njia panda tangu asubuhi hata jioni. Kwa maneno mengine, sega ni kipuli kimoja katika gari zima ambacho ni cha jirani. Ndiyo maana ni chepesi kukiuza.

Ndugu yetu asema kwamba kifaa kilikuwa chake. Ni kweli, alikinunua pamoja na motokaa, na Kanisa lafundisha kwamba mtu ana haki ya kuwa na mali. Lakini Kanisa hilohilo lafundisha kwamba mali ina wajibu wake. Tuchukue mfano wa mtu mwenye shamba mlimani, ambamo kijito hupita kabla ya kufika kijijini. Mtu huyo ana haki ya kuchimba choo katika shamba lake. Je, ana haki ya kukichimba juu ya kijito? Shamba ni lake, jembe ni lake, choo ni chake. Lakini maji yapita tu kwake, nayo ni ya wote walio chini. Wazee wa kijiji chochote katika nchi yetu wangemwita na kumtoza faini bila kungoja sheria iliyoandikwa. Hewa ni kama kijito kile. Hakuna aliyeinunua, hakuna awezaye kuchagua kutoivuta, na maskini hawezi kufunga vioo vya gari asilokuwa nalo.

Wengine husema: moshi wa motokaa moja ni kitu gani katika mji wenye motokaa elfu nyingi? Twajibu kwamba wazee walipotufundisha kuwa haba na haba hujaza kibaba, hawakusema kwamba kibaba hujazwa kwa mema tu. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba hewa chafu, ya nje na ya majumbani pamoja, huleta vifo kama milioni 7 kila mwaka kabla ya wakati wake. Katika vifo hivyo hakuna hata kimoja ambacho dereva mmoja aweza kuonyeshwa na kuambiwa, "Huyu umemwua wewe." Hilo ndilo kishawishi cha dhambi za zama zetu: kila mmoja hutia kidogo, na mwisho anakufa mtu asiye na mwuaji. Lakini Mungu, ajuaye hesabu ya nywele za vichwa vyetu, hashindwi kuhesabu haba zetu.

Hoja ya umaskini ni nzito zaidi, wala hatutaki kuipita upesi. Ada ya shule si anasa. Baba aliyeuza sega ili mtoto asifukuzwe shule hafanani na tajiri aliyeuza ili anywe. Twajua pia kwamba uovu huu haukuanzia kwetu, wala si wa maskini peke yao. Mwaka 2015 ilifahamika kwamba kampuni ya Volkswagen ilitia katika motokaa zake za dizeli, zipatazo milioni 11, programu iliyotambua wakati wa kupimwa na kupunguza moshi kwa saa ile tu. Zikirudi barabarani ziliendelea kuchafua. Mwaka 2020 wakaguzi wa serikali ya Uholanzi walichunguza motokaa zilizotumika zinazopelekwa Afrika kutoka bandari zao, wakaona kwamba nyingi hazikuwa na hati halali ya ukaguzi, kwamba nyingi zilikuwa na umri wa miaka 16 hata 20, na kwamba nyingine zilikuwa zimekwisha kung'olewa sega kabla ya kupakiwa melini. Mwaka huohuo Umoja wa Mataifa ulitoa taarifa kwamba kati ya mwaka 2015 na 2018 motokaa zilizotumika zipatazo milioni 14 ziliuzwa nje na Ulaya, Japani na Marekani, na bara lililopokea sehemu kubwa kuliko yote ni letu. Katika Injili Lazaro alitamani makombo ya tajiri. Tajiri wa leo ampa moshi, naye adai bei.

Lakini kosa la tajiri halifanyi la kwetu kuwa jema. Ada ya mtoto mmoja haiwezi kulipwa kwa pumzi ya mtoto mwingine. Wala hatuna hakika kwamba ni mtoto mwingine, kwa maana watoto wa ndugu yetu nao hutembea kando ya barabara ileile.

Je, sheria zatosha? Serikali zetu hazikukaa kimya. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa motokaa iliyopita miaka minane tangu kuandikishwa mara ya kwanza, na hudai ikaguliwe kabla ya kusafirishwa. Uganda tangu mwaka 2018 imezuia motokaa zilizopita miaka 15 tangu kutengenezwa. Tanzania haizuii kwa umri, lakini hutoza ushuru zaidi kwa zilizo kuukuu. Mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zilipunguza pia salfa katika dizeli hata sehemu 50 katika milioni. Twazisifu kwa hayo. Hata hivyo umri si kipimo cha haki kamili. Motokaa ya miaka sita yaweza kuwa na ganda tupu mahali pa sega, nayo ikapita. Motokaa ya miaka tisa iliyotunzwa vema yaweza kuwa na sega zima, nayo ikakataliwa. Mwalimu wa shule, ambaye kwa mshahara wake angeweza kununua hiyo ya pili tu, ndiye aumiaye.

Afadhali kupima moshi wenyewe. Kazi hiyo si ngumu: injini huachwa ipate moto, mrija wa mashine hutiwa katika bomba, na mashine husoma. Katika Uingereza motokaa ikifikisha miaka mitatu hupimwa kila mwaka. Motokaa za petroli za miaka iliyotangulia kuenea kwa masega huruhusiwa kutoa kaboni monoksaidi hata asilimia 3.5, lakini zenye sega, injini ikizungushwa kwa kasi, kwa kawaida hazipaswi kuzidi asilimia 0.2. Kwa tarakimu hizo mbili kila mtu aweza kuona ni kiasi gani mnunuzi yule aliondoka nacho katika mfuko wake. Kwetu motokaa nyingi hupimwa bandarini, au kabla ya kufika bandarini, kisha basi. Na sega ling'olewalo mwezi wa pili baada ya forodha halionwi na mkaguzi yeyote. Twaiomba Serikali ifikirie upimaji wa moshi wa kila mwaka, kwa ada ambayo mtu wa kawaida aiweza, na bila mlango wa nyuma wa rushwa. Twaiomba pia iwatazame wanunuzi wa masega, kwa sababu pasipo mnunuzi hakuna mwuzaji.

Lakini hata sheria njema haifiki kila mahali. Tumesikia kwamba katika motokaa za siku hizi, sega likiondolewa, taa huwaka mbele ya dereva kumwonya, na kwamba wako mafundi wajuao kuidanganya ile mashine ili taa izimike. Basi mtu hujifunza si kusema uongo tu, bali hata kuifundisha mashine kusema uongo kwa niaba yake. Hapo mkaguzi afanye nini? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, uliwaonya wale wanaozidharau kanuni za kulinda afya na za mwendo wa magari, kana kwamba hizo ni mambo madogo yasiyohusu dhamiri. Naye Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alikumbusha kwamba moshi wa vyombo vya usafiri ni miongoni mwa mambo yanayowadhuru watu kila siku, na kwamba maskini ndio waumiao kwanza. Kwa hiyo Mkristo hawezi kusema kwamba jambo hili ni la trafiki peke yao.

Sasa tumjibu ndugu yetu. Umeuliza umemwibia nani. Kwa jina hatuwezi kukutajia mtu, na hilo ndilo linalokufanya udhani kwamba hayupo. Yupo, nawe hupishana naye kila siku. Hukufanya kwa uovu. Ulidanganywa kwamba kifaa hakina faida, na haja ilikusonga. Mungu huyapima hayo yote, na padre wako atayapima pia. Lakini sasa wajua, na ajuaye hana tena udhuru wa asiyejua.

Ufanye nini basi? Kama waweza, weka akiba kidogo kidogo na kurudisha sega lingine lililo zima, hata kama ni mwaka ujao. Twajua bei yake hupita ile uliyolipwa. Malipo ya kosa mara nyingi huzidi faida yake. Kwa sasa itengeneze injini vizuri, wala usiiache ikiunguruma bure mbele ya shule au zahanati. Na siku ukitaka kuiuza motokaa hiyo, mwambie mnunuzi ukweli. Mtakatifu Toma wa Akwino aliyachungua mambo haya zamani za farasi: kasoro iliyo wazi, kama farasi aliye na jicho moja, si lazima kuitangaza, kwa sababu kila mtu aiona, lakini kasoro iliyofichika, iletayo hatari au hasara, mwuzaji asipoitaja amemdhulumu mnunuzi naye apaswa kumlipa. Bomba lililoungwa chini ya gari ni kasoro iliyofichika kwelikweli.

Nanyi mafundi, ambao wengi wenu ni waumini wa parokia zetu, twawasihi msimwambie mtu kwamba kifaa hakina faida kwa sababu tu faida yake si ya mteja wenu. Semeni ukweli, mwacheni achague akiwa anajua.

Tulipokwisha kuandika hayo tulitoka nje kuitazama motokaa ya gazeti hili, iliyonunuliwa ikiwa imetumika miaka michache iliyopita. Tulimwuliza dereva kama sega lake lipo. Akajibu kwamba hajui, na kwamba katika kuinunua hakuna aliyeuliza. Tuliuliza bei, mwendo na matairi. Nasi twakiri hatukuuliza. Juma hili itapelekwa kwa fundi kutazamwa chini, na ikionekana tupu, tutaanza kuweka akiba pamoja na ndugu yetu. Twawaomba mapadre, masista na walei wote wenye vyombo vya Kanisa mikononi mwao wafanye vivyo hivyo, kabla hatujawahubiria wengine.